Naomba Unishonee Joho Lisilomkaa Mwenyewe

Kisumu,
Jumapili jioni.

Rafiki yangu wa dhati,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Natumai wewe na jamaa wote wa Nakuru mu wazima, na cherehani inanguruma kama kawaida. Sisi hatujambo, Mama amepona mguu na anakusalimu sana. Nimekaa kimya muda mrefu, lakini leo nina haja na mkono wako, na hakuna fundi mwingine ninayeweza kumkabidhi jambo hili.

Tangu shule zifungwe, ninawapiga picha wasichana wa kanisani kwetu, wale uliowashonea sare za kwaya wakiwa wadogo, wakiwa katika maleba ya wahusika wa ngano. Gauni la binti mfalme, la satini, nililolipata kwenye mitumba ya Kibuye, limegombewa na karibu wote. Mpwa wako hakulitazama hata mara moja. Alisema anataka kuwa yule mkongwe aliyenaswa katika wavu wa Nyamgondho, yule mvuvi wa ngano za Waluo, kwa sababu katika ngano zote nilizowasimulia, huyo ndiye aliyetukanwa akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, na ng'ombe wote wakamfuata hadi ziwani. Mtoto wa miaka 13! Tangu siku ile jibu hilo halinitoki akilini.

Ngano nyingi, ziwe zetu au za Ulaya, humtoa mtoto nyumbani na kumpitisha mahali pa hatari, kisha humrudisha akiwa mtu mwingine, au hazimrudishi kabisa. Katika masimulizi ya Charles Perrault ya mwaka wa 1697, msichana wa kofia nyekundu analiwa na mbwa mwitu na hadithi inakoma papo hapo. Mwindaji wa kumwokoa yumo katika masimulizi ya ndugu Grimm ya 1812. Wasichana hawa walilielewa hilo upesi kuliko wazazi wao.

Sasa sikiliza kuhusu nguo yenyewe. Lile gauni la satini liliwapwaya, nami nikakataa kulibana kwa vibanio mgongoni. Katika picha ninayoipenda kuliko zote, bega moja limeteleza, msichana amelishika kwa vidole viwili, na usoni hajui kama acheke au akasirike. Pale nguo na mwili visipopatana, ndipo ukuaji unapoonekana. Julia Margaret Cameron, mpiga picha wa Uingereza, aliyepewa kamera na bintiye mwaka wa 1863, aliwavika majirani na watumishi wake mavazi ya hadithi, na kwa kuwa kamera za wakati ule zilimtaka mtu atulie kwa muda mrefu, nyuso zao zilichoka kuigiza. Nami huwakalisha ufukweni Dunga mapema, kabla jua halijaanza kushuka, ili ule mwanga mwororo, ambao kwetu haudumu, uwakute wamekwisha kuzoea.

Kwa hiyo naomba joho la mkongwe, la kitambaa kizito chenye rangi ya matope ya ziwani, pindo liburute chini na mikono ivuke vidole. Usilipunguze hata kidogo. Nataka kumpiga picha akilivaa kila Desemba, mpaka siku litakapomkaa sawasawa.

Tatizo ni kwamba mama yake hajaridhika. Anauliza kwa nini nimzeeshe mtoto mzuri wakati gauni la satini lipo, na swali lake ni la haki. Bila idhini yake sitaendelea, ingawa nitaumia, maana binti amechagua mwenyewe na amechagua kwa akili.

Je, utazungumza na dada yako, kwa kuwa wewe anakusikiliza? Unahitaji mita ngapi, na kitambaa nikinunue huku au unacho? Utaweza kumaliza kabla shule hazijafunguliwa? Na wewe mwenyewe, katika umri ule, ungechagua kuwa nani? Nijibu upesi, gharama ya kutuma mzigo nitailipa mimi.

Wako daima.