Mnataka pati ya mbalamwezi Nakupenda? Tuangalieni maji kwanza

Ombi linaloingia sana kwenye WhatsApp yetu sisi waandaaji wa shughuli Zanzibar ni hili: ofisi fulani ya Dar ina watu kama 40, wanavuka kuja huku na boti ya asubuhi, wanataka jioni waende Nakupenda wale, wacheze muziki, jua lizame halafu mwezi mpevu utoke wapige mapicha. Wazo tamu kwelikweli ila haliendi, na sio kwamba tunaringa.

Nakupenda sio kisiwa jamani. Ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa halipo. Na maji ya huku kwetu yana ratiba yake, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yanakupwa mida ya saa nne asubuhi na yanajaa mida ya saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inaweza kufika mita 4 hivi kwa hiyo sio mchezo. Sasa ile ile tarehe mnayoichagua kwa sababu ya mwezi ndo tarehe ambayo jioni meza yenu ingekuwa inaelea. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, baada ya wiki mnaingia maji mafu, hapo jioni ndo yanakupwa lakini hayakupwi sana, msitegemee uwanja mpana wa kuchezea mpira.

Tunachowashauri siku za bamvua ni kwenda asubuhi. Boti zinaondoka Forodhani, pale ufukweni Mji Mkongwe, saa mbili na nusu, zaidi ya moja maana watu 40 hatuwarundiki boti moja, kila mtu na laifu jaketi yake, na vivuli tunabeba sisi kwa sababu kule hakuna hata mti. Choo pia hakuna!! Hili watu hawaulizi mpaka wafike. Ndo maana tukimaliza pweza na matunda tunawapitisha kisiwa cha Changuu, vyoo vipo, kuna kobe wakubwa wa asili ya Shelisheli, na kuna lile jengo la jela la 1893 ambalo baadae likawa la karantini. Halafu kabla hamjashuka Forodhani vaeni shati au jifungeni kanga, hamuwezi kukatiza mjini na nguo za kuogelea.

Jioni ndo Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya Mji Mkongwe, na kwa kweli mimi pati naipenda huku kuliko kule majini. Waomani waliijenga baada ya kumtoa Mreno, mwishoni mwa karne ya 17, pale palipokuwa na kanisa, na leo ndani kuna jukwaa la wazi na ngazi za mawe za kukalia, tamasha la muziki la Sauti za Busara na lile la filamu la ZIFF yamefanyika humo miaka na miaka. Kuta zenyewe ni pambo tosha, mkitaka maputo sawa lakini hayana kazi. Yale mawe yanashika joto la mchana, magharibi ukikalia bado unalisikia, kwa hiyo mito tunakuja nayo, na dada zetu viatu vya mchuchumio mviache hotelini. Kibali tunafatilia sisi ila tupeni muda, usituambie Jumatano unataka Jumamosi. Muziki tunauzima wakati wa adhana na tunauweka hivyo kwenye ratiba toka mwanzo ili MC asishtukizwe. Juu ni wazi, hivyo kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, jukwaa hilo hatulishauri, na Ramadhani shughuli ya kula mchana hatuchukui.

Ukitutafuta tuma tarehe kabla ya menyu, tutakurudishia saa za boti kwenda na kurudi. Kama tarehe haisogei na imeangukia bamvua basi fungu mtaliona asubuhi, na huo mwezi mpevu mtaukuta Ngome Kongwe, miguu mikavu.