Mahudhurio Hayatuambii Walichojifunza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa pilikapilika za mwanzo wa muhula. Barua yako imenifikia pamoja na ripoti ya mafunzo ya viongozi wa mabweni, nami nimeisoma yote hadi viambatisho. Unauliza kwa nini kamati ya bajeti iliipokea kwa ubaridi ilhali ukumbi ulijaa na karibu kila mshiriki alitia alama kwenye "nimeridhika sana". Nitakujibu bila kuzunguka: ripoti inaeleza nani alikuja na kama alifurahi. Haionyeshi popote kwamba vijana hao sasa wanaweza kufanya jambo ambalo awali hawakuliweza.

Dodoso la kuridhika usilitupe. Likikuambia kwamba ukumbi ulikuwa na joto au muda haukutosha, limefanya kazi yake. Ila Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa tathmini ya mafunzo, kuanzia mwaka 1959, alipanga tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: maoni ya washiriki, walichojifunza, wanavyotenda wakirudi kazini, na faida kwa taasisi. Ripoti yako imekomea ya kwanza.

Tatizo linaanzia kwenye malengo. Umeandika kwamba washiriki "watapata uelewa wa utatuzi wa migogoro". Uelewa huo utauonea wapi? Chagua jambo moja tu, uliandike hivi: baada ya mafunzo, kiongozi wa bweni ataweza kuwasikiliza wanafunzi wawili waliogombana, kurudia hoja ya kila mmoja mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema, kisha kuwafikisha kwenye makubaliano yaliyoandikwa. Hapo una mambo ya kuona na kusikia. Mengine mazuri uliyoyaorodhesha, kujiamini, uzalendo, ubunifu, yaache yasubiri mwaka mwingine. Malengo kumi na mawili kwa semina ya siku mbili hakuna anayeweza kuyapima kwa haki.

Kisha wape igizo dhima. Wanafunzi wawili wawe wakaaji wa chumba kimoja: mmoja hulala mapema, mwenzake huongea na simu hadi usiku wa manane, na leo wamefikia kutupiana vitu nje. Kiongozi ana dakika kumi. Wewe keti pembeni na jedwali la vigezo lenye ngazi nne. Ngazi ya kwanza, anatoa hukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Ya pili, anawasikiliza wote lakini suluhisho anawapa yeye. Ya tatu, anarudia hoja zao vizuri, wanakubaliana, ila makubaliano yenyewe ni maneno ya jumla: "mtaheshimiana". Ya nne, karatasi inasema nani atafanya nini, kuanzia lini, na siku gani watakutana tena kuangalia kama imewezekana. Ukikaa pale utashangaa ni wangapi wanaojieleza vizuri ukumbini lakini wanakwama kwenye ngazi ya pili. Wana haraka ya kusaidia, basi wanaamua kwa niaba ya wenzao. Dodoso haliwezi kukuonyesha hilo hata uliongezee maswali mangapi.

Usitoe alama peke yako. Tafuta mwenzako, kila mmoja aweke alama bila kuchungulia karatasi ya mwingine, halafu mlinganishe. Mkitofautiana, yawezekana kigezo ndicho chenye ukungu, wala si mwanafunzi. Kaeni mkiandike upya kabla ya kuendelea. Si lazima uanze patupu: mwaka 2009 chama cha vyuo vya Marekani cha AAC&U kilitoa rubriki, yaani majedwali ya vigezo, ziitwazo VALUE, zenye ngazi nne pia, zikiwemo za kazi ya pamoja, utatuzi wa matatizo na maadili. Zitazame kwa mpangilio wake, kisha uandike zako kulingana na kazi halisi ya viongozi wako.

Kuna mtego mmoja utakaoulizwa na mwanakamati yeyote makini. Wanaojitokeza kuwa viongozi huenda walikuwa hodari tangu mwanzo. Alexander Astin, mtafiti wa elimu ya juu wa Marekani, alisisitiza kwamba matokeo hayasomeki bila kujua mwanafunzi aliingia na nini na alipitia mazingira gani. Kwa hiyo fanya igizo fupi kabla ya mafunzo, hata kwa wachache. Na ukiwauliza wajipime wenyewe, jihadhari: mtu asiyejua ugumu wa kazi hujipa alama za juu mwanzoni, akishafunzwa hujishusha, na ukilinganisha utadhani semina imempumbaza. Ni afadhali kuuliza mwishoni, "sasa ukoje, na ukitazama nyuma ulikuwaje kabla?" Hata hivyo, hayo ni maelezo yake mwenyewe, na hayashiki nafasi ya kumwona akitenda.

Unasihi, yaani ushauri nasaha kwa wanafunzi, ni suala la pembeni, lakini sitalipita kimya. Ukitaka kupima huduma hiyo, usiguse kamwe kumbukumbu za siri za wanaonasihiwa. Hakuna ripoti inayostahili gharama hiyo.

Nimekuandikia kirefu kwa sababu inaniuma kuona ofisi zetu za huduma kwa wanafunzi zikihesabiwa kuwa za vitanda, michezo na nidhamu tu. Tangu 1937 Baraza la Elimu la Marekani lilikuwa limekwisha kusema kwamba chuo kinamlea mwanafunzi mzima, si akili yake peke yake. Mwaka 2004 ACPA na NASPA, vyama viwili vya watu wa kazi yetu huko, vikaandika kwa pamoja kwamba kujifunza kwa darasani na kukua kwa mwanafunzi ni kitu kimoja kinachoshikana. Naamini hivyo kwa moyo wote. Kijana aliyesuluhisha ugomvi wa chumbani kwa subira amejifunza jambo ambalo mtihani wa karatasi haukumpa. Kazi yetu ni kulionyesha kwa ushahidi ambao hata mhadhiri mgumu ataukubali.

Na matokeo yakishatoka, yafanye yabadilishe kitu. Kama wengi wamekwama ngazi ya pili, kata mhadhara mmoja wa asubuhi, muda huo wafanye mazoezi ya kusikiliza wawili wawili. Kisha ripoti ya mwaka unaofuata ianze hapo: tuliona hiki, tukabadilisha hiki, na hiki ndicho kilichotokea. Ukurasa mmoja unatosha. Picha za ukumbi ziweke nyuma kabisa.

Nitumie sentensi yako ya lengo pamoja na jedwali kabla hujalichapa. Niambie pia ni nani atakayekaa nawe kutoa alama. Kama yule mhadhiri wa saikolojia mliyesaidiana naye kwenye semina elekezi bado yupo, ningeanza kwa kumwomba yeye.

Wako daima,
Rafiki yako