Ufizi mweupe kwa watoto wa mbwa: tatizo ni mchanga au maziwa ya mama?

Daktari wa safu ya mifugo, assalaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Shida ni upungufu wa damu kwa watoto wa mbwa wanaonyonya. Swali langu hasa: kwenye boma la mchanga, dawa ya minyoo peke yake inatosha?

Mama ni mbwa wa kuwindia, yule wa masikio mapana, kilo 28. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo kazi yao shambani ni kufukuza nyani na tumbili wasimalize mahindi. Amezaa 11, na chuchu anazo 10. Leo wana siku 24. Saba wamefika kilo moja na nusu na wanasimama vizuri. Wanne hawajafika gramu 900. Ufizi wa wale saba una rangi ya waridi. Ukiubonyeza kwa kidole unapauka, kisha rangi inarudi kabla ya sekunde mbili. Wa hawa wanne ni mweupe hata kabla ya kubonyezwa. Choo chao ni cheusi na kinanata kama lami. Kitana kimepita manyoya yote: viroboto wachache, kupe hakuna. Mimi naona ni safura, ile minyoo inayonyonya damu utumboni.

Pairanteli, dawa ya minyoo, walipewa wiki ya pili, na ratiba ni wiki ya nne, ya sita na ya nane, mama naye akinywa siku hizo hizo. Ni ile ya maji yenye miligramu 250 kwa mililita 5, kipimo miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo moja na nusu anapata mililita 0.15. Kiasi hicho hakipimiki kwa kijiko. Linafaa bomba la mililita moja lililotolewa sindano. Mizani itangulie, kwani ukikisia kwa macho wale wanene ndio wanaopunjwa.

Lakini dawa hiyo inaua minyoo iliyomo utumboni siku hiyo, basi. Mabuu ya safura hulala kwenye misuli ya mama, mahali ambapo dawa ya kawaida haiyafikii, na anapozaa huamka na kushuka kwenye maziwa. Ndiyo maana choo kikipimwa mapema mtoto huambiwa mzima: minyoo michanga huanza kunyonya damu kabla haijaanza kutaga mayai.

Mchanga nao una yake. Mayai yanayotoka na kinyesi huanguliwa, na kwa joto letu la pwani mabuu huwa tayari kuingia mwilini ndani ya wiki moja hivi. Yanapenda unyevu na kivuli, na banda liko chini ya mwembe. Ukavu na jua kali huyaua, lakini masika hii jua lenyewe ni la kubahatisha. Huingia kwa mdomo na kwa ngozi pia, na hapo hata sisi hatujasalimika: watoto wanaocheza pekupeku huota vile vimistari vyekundu vya kuwasha vinavyotambaa unyayoni.

Najua utasema niwahamishie kwenye saruji. Ndani ya nyumba hawaingii, humu watu wanaswali, kwa hiyo usinijibu niwaweke jikoni. Ipo stoo, ila sakafu yake ni laini mno. Mtoto anayejifunza kusimama hukosa pa kushika, miguu hutanuka pembeni na kifua kikabapa. Gunia linashika, lakini likichakaa nyuzi humsokota vidole, tena linakaa na mkojo. Nafikiria mazulia mawili makuukuu ya kubadilishana, moja sakafuni na moja limefuliwa na kuanikwa, na kinyesi kizolewe asubuhi na jioni. Kuna kasoro usiyoiona kwa mbali?

Kwa lishe, wanne hawa hutangulizwa kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi, wenzao wakiwa wamefungiwa kando. Wote wameanza wali uliopondwa na samaki aliyetolewa miiba, na maini kidogo ya kuchemsha. Maziwa ya ng'ombe matupu siwapi, yanawaharisha.

Sasa nisaidie. Agroveti wanauza sindano ya madini ya chuma ya watoto wa nguruwe, miligramu 100 kwa mililita: inafaa kwa mtoto wa gramu 900, na kwa kiasi gani? Jirani anashikilia nidunge ivamektini, dawa ya vimelea ya ng'ombe. Nimekataa, kwa umri huu sumu yake inaweza kufika kwenye ubongo.

Kuhusu mama, najua fenbendazoli, dawa nyingine ya minyoo, hupewa kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba hadi siku ya 14 baada ya kuzaa, miligramu 50 kwa kilo. Kwa dawa ya mbuzi ya asilimia 10, kwake ni mililita 14 kwa siku. Muda huo umeshapita. Kuna faida kuianza sasa, au ningoje mimba ijayo? Na je, niwaachishe ziwa mapema kwa sababu ya mabuu, au hasara itazidi faida?

Kuhusu boma, wapo wanaosema nimwage chumvi ya mawe kutoka Gongoni ili kuua mabuu. Kisima kiko karibu na minazi imezunguka. Ni bora chumvi, au nichote mchanga wa juu, nimwage kokoto na kukata matawi ya mwembe jua lipite?

La haraka zaidi ni yule mdogo kabisa, gramu 780, anayehema upesi hata akiwa amelala. Nitajuaje kwamba sasa anahitaji kuongezewa damu na si chuma? Kazi hiyo haifanyiki hapa shambani, na gari la kumpeleka lazima nilitafute mapema.

Mfugaji, Ganda, Malindi