Kaka, pesa za mkandarasi bado sijatuma

Kaka yangu, shikamoo.

Mchanganuo wa nyumba ya Bibi nimeupata. Mkandarasi wako kaorodhesha mpaka saidia fundi, na wote anakuja nao kutoka mjini. Sasa wale vijana wetu wanaoshinda kijiweni nje ya uzio wa Bibi watafanya nini, watahesabu malori ya mchanga?

Hapa Sioux Falls nafanya kazi na jamaa mmoja Mlakota, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Kwao ni Pine Ridge, eneo lililotengewa kabila lao humuhumu jimboni South Dakota, zaidi ya saa tano kwa gari. Huko nyumba ni shida kweli. Bibi, watoto na wajukuu wanabanana kwenye trela moja, na baridi yake si ya mzaha. Halafu sehemu kubwa ya ardhi inashikiliwa na serikali kuu kwa niaba yao (ardhi ya babu zao, eti!), kwa hiyo benki zinasita kukopesha mtu ajenge, maana hawezi kuiweka rehani hivihivi.

Mwaka 2007 vijana waliokuwa wakikutana kwenye ibada zao za jadi wakaanzisha shirika, Thunder Valley. Wakapata ekari 34, wakaanza kujenga mtaa wao. Vijana wa hapohapo wanafundishwa ujenzi wakiwa na nyundo mkononi, kwenye nyumba watakazokaa watu wao. Ni chache bado, wanaozihitaji ni wengi mno.

Juzi kantini jamaa alimwaga chumvi mezani, akachora duara kwa kidole, akalizungushia vizibo saba vya soda. Nyumba saba, katikati uwanja, kama kambi za wazee wao zilivyokuwa. Bibi akikaa mlangoni anawaona watoto wote. Kisha akaniuliza: "Na bibi yenu anataka mlango utazame wapi?" Nikabaki nakung'uta chumvi.

Mtoto wa shangazi ana cheti cha uashi cha VETA na hajawahi kupandisha hata kozi moja ya tofali kwa malipo. Yule mzee aliyepiga kenchi za nyumba ya Baba bado ana nguvu. Mwulize atachukua vijana wangapi, na kwa siku wapewe ngapi. Nikipata jibu, pesa ya tofali na saruji naituma wiki hiyohiyo.

Ila anza na Bibi. Mwulize habari ya mlango.