Ile treni haikuwa inatembea, ilikuwa inapaa

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Nimeisoma ile makala yenu kuhusu sie watu wazima tunaochezea treni ndogo, asanteni kwa kutukumbuka maana kwa kawaida tukitajwa ni kwa kuchekwa tu, na kwa sehemu kubwa imekaa vizuri kabisa. Ila kuna sentensi moja imeninyima usingizi. Mwandishi wenu anasema kile kichwa cha treni cha skeli ya HO (skeli ni kipimo cha udogo wa modeli) kilikuwa kinajiendea taratibu, mwendo wa mtu anayetembea. Nikasema ala! Taratibu?

Mtu akitembea mwendo wa kawaida anakwenda kama kilomita 5 kwa saa. HO ni 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, sasa zidisha mwenyewe hapo, 5 mara 87 unapata 435. Kilomita 435 kwa saa jamani! Na kwenye picha yenu naona ni injini ya mvuke, ina tenda, kile kigari cha makaa cha nyuma, na bomba la moshi na kila kitu. Injini ya mvuke inayoshikilia rekodi ya dunia, ile Mallard ya Uingereza, ilifika kama kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, tena iko kwenye mteremko, na ilipomaliza ile mbio beringi yake moja ilishapata moto kupita kiasi. Ya kwenu imeipita zaidi ya mara mbili na bado mwandishi anaiona inazubaa.

Igeuze sasa upande wa pili. Mallard ya HO ikiwa kwenye spidi yake ya rekodi, pale mezani inatakiwa iende kilomita 2.3 kwa saa tu, kama sentimita 65 kwa sekunde. Mtoto aliyeanza kutembea juzi anaongozana nayo. Hata TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, ile iliyofika kilomita 574.8 kwa saa Aprili 2007, ukiipunguza kwa HO ni kilomita 6.6 kwa saa, ni mtu anayekimbia polepole asubuhi anatafuta afya.

Simlaumu sana mwandishi, jicho linadanganya kila mtu, hata sie wenyewe. Mi nadhani ni kwa sababu treni ya kweli inakuja na mngurumo na ardhi inatetemeka, sasa ya mezani haina hayo, basi mkono unaenda wenyewe kwenye kontrola kuongeza moto ili moyo uridhike. Na mtu aliyezoea kuona zinaenda hivo, siku ukimwonyesha treni ya abiria kwenye kilomita 80 za kweli za skeli atakuuliza kama mota imechoka.

Kuna na wale wabishi wanaosema muda nao upunguzwe, kwamba kama umbali tumegawa kwa 87 basi na sekunde tugawe. Hapana. Ukigawa vyote viwili unarudi kulekule kwenye kilomita 5, utakuwa hujafanya kitu. Sekunde inabaki sekunde. Ni kweli wanaoendesha kwa ratiba wanaweka saa inayokimbia haraka, mfano dakika moja inahesabiwa nne, lakini hiyo ni ya kufupisha siku ili ratiba yote iishe kabla watu hawajaenda kulala, haihusiani na spidi ya injini. (Mvutano wa dunia ndio kweli haujui skeli, injini ikianguka mezani inaanguka kwa haraka ileile ya jiwe, ndo maana watu wa filamu wakipiga picha modeli wanaipiga kwa fremu nyingi halafu wanaonyesha polepole ionekane nzito. Ila hiyo ni mada nyingine na nikianza hamtalala.)

Sasa kupima. Watu wanaogopa hesabu bure. Mimi natumia sentimita 115. Tafuta kipande cha reli kilichonyooka na ambacho hakina mteremko, bandika alama mbili zilizoachana sentimita 115, hiyo kwa HO ni mita 100 kamili ukiacha makombo. Pima sekunde injini inazotumia kutoka alama moja mpaka nyingine, halafu chukua 360 ugawe kwa hizo sekunde, jibu ni kilomita kwa saa, basi. Sekunde 9 ni kilomita 40, sekunde 6 ni 60, sekunde 3 ni 120. Hata kalkuleta huhitaji. Kwa skeli ya N ya 1:160 alama ziachane sentimita 62.5 na hesabu ni ileile. Kwa OO ya Waingereza, ambayo ni 1:76.2, weka sentimita 131. Hapa wengi wanateleza maana OO na HO zinatembea kwenye reli moja yenye upana wa milimita 16.5, mtu anaona reli ni ileile anadhani skeli ni ileile, anaizidishia injini ya Kiingereza kwa 87 na kuipa asilimia 14 za bure. N nayo ina mambo yake, Waingereza wanatumia 1:148, Wajapani 1:150, halafu shinkansen, treni zao za kasi, wanazitengeneza kwa 1:160, kwa hiyo soma boksi kwanza.

Pima kitu kilekile kwenye alama zote mbili. Bafa ya mbele, kile kizuizi cha kupokea mgongano kwenye pua ya injini, ikifika alama ya kwanza, ungoje bafa hiyohiyo ya mbele iguse ya pili. Nasema hivi kwa sababu mpwa wangu alinisaidia kupima siku moja, akabonyeza saa pua ya injini ilipofika alama ya kwanza halafu akangoja mpaka behewa la mwisho lipite alama ya pili, na nyuma kulikuwa na mabehewa matano ya sentimita 30 na ushee kila moja. Akaniletea kilomita 35 kwa saa kajaa furaha, na mimi kwa macho yangu naona karibu 80. Kumbe treni ilishatembea zaidi ya mita mbili na nusu yeye anahesabu sentimita 115. Tulibishana nusu saa nzima kabla hatujajua kosa liko wapi, na sitasema nani alikuwa mkali zaidi.

Kidole nacho kinachelewa. Sekunde 3 ukikosea robo sekunde tu umeshapotea karibu asilimia 8, kilomita 120 zinaweza kuwa 110 au 130. Mimi siku hizi nachukua video kwa simu, naweka simu imetulia, halafu nahesabu fremu. Video ya fremu 30 kwa sekunde, hizo sekunde 3 ni fremu 90, hata ukikosea fremu moja ni kama asilimia moja tu. Kama huna kipande kirefu kilichonyooka zungusha duara raundi kumi halafu ugawe, ila mzingo upimwe katikati ya reli mbili. Kwenye HO reli ya nje na ya ndani zinapishana kama sentimita 10 kila raundi, haijalishi duara ni kubwa au dogo, na kwenye duara dogo hizo kumi zinauma. Na usipime injini ikiwa ya baridi, iache izunguke dakika kumi na tano hivi, mbele na nyuma, maana mota ikipata joto spidi inabadilika na jana yako haitafanana na leo yako.

Kwa nini tunahangaika hivi, mwandishi wenu anaweza kuuliza. Ukifunga injini mbili kuvuta treni moja na hazilingani spidi, moja inaiburuta nyingine, magurudumu yanateleza na kwenye kona mabehewa yanaruka reli. Na kuna heshima pia ya kile unachokiiga. Nina kichwa cha sogeza cha Kijerumani, V 60, kile cha kupanga mabehewa stesheni. Cha kweli mwisho wake ni kilomita 60 kwa saa, na kikiwa kwenye gia ya kupangia ni 30 tu. Changu kilipotoka kwenye boksi, kontrola ikiwa mwisho, kilikata sentimita 115 kwa sekunde 2. Piga hesabu, 180! Kichwa cha sogeza! Nikaingia kwenye dikoda, kile kichipu cha ndani kinachopokea amri za kontrola, mipangilio yake inaitwa CV na ina namba, CV 5 ndiyo inayoshika spidi ya mwisho, nikawa naishusha kidogo, napima, nashusha, napima, halafu CV 6 ya katikati ili isiruke ghafla, jioni mbili zikaisha hapo.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, mkitaja spidi ya treni ya mezani mtaje na skeli yake, na mwandishi akienda tena na kamera abebe futikamba. Marekebisho ya lile neno taratibu mkiyachapa hata kwenye kona ndogo nitashukuru.

Ile V 60 kwa sasa inachukua sekunde 6.1. Hiyo nukta moja naishughulikia wikendi.

Msomaji wenu wa siku nyingi