Kabla Hujamjibu Tekla

Shangani, Unguja

Shoga yangu Feli,

Hujambo? Na wa Wete hawajambo? Barua na kikapu cha machungwa vimefika na boti ya juzi, ahsante sana. Nimekawia kujibu kwa sababu ya hilo la Tekla uliloniandikia: eti wasichana wake wanane wavishwe shela ya kisista kabla ya Pasaka, waitwe shirika la masista. Mzuie, shoga. Kwa upole, lakini mzuie.

Shela huja mwisho. Kwanza kazi. Mabinti wa Maria walianza hivyo kule Réunion: utumwa ulifutwa tarehe 20 Desemba 1848, maelfu wakawa huru bila pa kulala, wazee na wagonjwa hawana wa kuwaosha. Mwaka 1849 Aimée Pignolet de Fresnes na padri Frédéric Levavasseur wakaanzisha shirika, binti wa Kizungu na aliyetoka utumwani wakiishi nyumba moja. Katika kisiwa kile, wakati ule! Na ndio haohao masista waliokuja hapa Unguja 1860 na Padri Fava.

Sasa Tekla. Waanze kama jumuiya ya waamini, wahudumie wazee wao, waandike katiba fupi: nani mkubwa, nani anashika fedha, anayetoka anaondoka na nini. Hilo la mwisho ndilo huleta magomvi, maana kwa sheria ya Kanisa hawezi kudai ujira wa miaka aliyotumika, ingawa shirika linatakiwa limtendee kwa haki na upendo. Wakiiva, askofu ndiye anayeunda shirika la jimbo, ila tangu Novemba 2020 lazima awe na kibali cha maandishi kutoka Roma. Bila hicho, amri yake ni bure. Kwa hiyo Tekla asimnunie Baba Askofu.

Halafu unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri. Umri usipungue miaka 17, na miezi 12 ikaliwe katika nyumba ya unovisi yenyewe. Akikosekana zaidi ya siku 15, azifidie. Zikipita miezi mitatu, hata kwa vipande vipande, unovisi umeharibika, aanze upya. Hapo ndipo Pemba patawaponza: karafuu zikiiva kila mama anamwita binti yake, bado msiba, bado harusi. Nadhiri za kwanza ni za muda, miaka mitatu kwenda juu. Za daima, kabla ya miaka 21 haziwezekani. Piga hesabu mwenyewe hiyo Pasaka iko wapi!

Nguo, akitaka, wavae kanga sare. Hakuna wa kuwakataza.

Niambie basi: mdogo wao ana miaka mingapi? Wote wana vyeti vya ubatizo na kipaimara? Ile nyumba hati yake ina jina la nani, la Tekla au la marehemu? Mkubwa atakuwa yeye, au atakubali kuongozwa? Na kikapu nikirudishe na nani?

Wako,
Modesta