Kuhusu ile sindano uliyoniuliza

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Voisi zako nimezisikiliza zote, ile ndefu niliisikiliza kwenye basi natoka zamu ya usiku mpaka nikapitilizwa kituo. Pole sana na Baba. Na pole na hao kaka zako pia, maana naona mgonjwa ni mmoja ila madaktari wako wanne na hakuna hata mmoja aliyesomea. Hilo ntalirudia, ngoja kwanza nikujibu ulichoniuliza.

Uliniuliza kama ni kweli huku mtu akitaka kufa daktari anamdunga sindano afe, na mie nayaonaje. Ni kweli, ipo. Huku Canada mtu mwenye maradhi yasiyopona anaweza kumuomba daktari amsaidie kufa, daktari akafanya, na hakuna polisi anayekuja kugonga mlango. Ila hiyo ya kwamba ukichoka tu na maisha unaenda unadungwa, hapana, hiyo wamekuongezea chumvi. Lazima uwe na miaka 18, uwe na bima ya afya ya serikali ya huku (ndo maana wageni hawapandi ndege kuja kufa Canada, hao huenda Uswisi), uwe na ugonjwa au ulemavu mzito usiotibika, uombe mwenyewe kwa maandishi mbele ya shahidi, halafu wakupime madaktari wawili kila mtu kivyake, au manesi wa ngazi ya juu wanaoruhusiwa kutibu. Na siku yenyewe, dawa ziko mezani, kwa kawaida unaulizwa tena bado unataka? Ukisema basi ndo basi, wanafunga vifaa vyao wanaondoka. Mwaka 2023 waliokufa kwa njia hiyo walikuwa 15,343, yaani karibu watu 5 kwenye kila vifo 100. Si jambo la pembeni tena, kwenye kazi yangu kila mtu anamjua aliyeondoka hivyo.

Chanzo chake ni mama mmoja anaitwa Sue Rodriguez, wa British Columbia, alikuwa na ALS, ule ugonjwa unaoua misuli kidogo kidogo mpaka unashindwa kumeza na kupumua huku akili inaona kila kitu. Miaka ya tisini mwanzoni akaenda mahakamani, akawauliza wabunge kwa video kwamba kama mimi siwezi kutoa idhini ya kifo changu, huu mwili ni wa nani? Mwaka 1993 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikamkatalia, majaji watano kwa wanne. Mwaka uliofuata akafa kwa kusaidiwa na daktari ambaye jina lake halikutajwa, na hakuna aliyeshtakiwa. Ikapita miaka mingi, mwaka 2015 mahakama ileile kwenye kesi nyingine, iitwayo Carter, ikageuka, majaji wote tisa kwa kauli moja, na sheria ikatoka Juni 2016.

Sasa sikiliza hoja moja ya majaji hao maana mimi ilinikalisha chini. Walisema kumkataza mtu kusaidiwa kufa kunamfanya afe MAPEMA zaidi. Yaani mgonjwa anajua kesho mikono haitofanya kazi, basi anajimaliza leo angali na nguvu, peke yake, kwa njia mbaya, wakati angejua msaada upo baadae angesubiri na pengine angeishi miezi mingine. Na kule Oregon Marekani ambako sheria yao imeanza kutumika 1997, daktari anaandika dawa na mgonjwa anainywa mwenyewe, karibu theluthi moja ya wanaoandikiwa hawaitumii kabisa. Wanafia ugonjwa wao. Kumbe wengine walichotaka ni kujua tu mlango haujafungwa.

Lakini we hukuniuliza ya mahakamani, uliniuliza mie nayaonaje. Basi ntakwambia habari ya mzee mmoja wa ghorofa ninayohudumia kazini, jina silitaji. Alikuwa dereva wa malori yale marefu, naye ALS, ila kwake ilianzia kooni, kwa hiyo mikono ilibaki lakini sauti ikaenda, kumeza kukaenda, analishwa kwa mpira wa tumboni na mate tunamnyonya kwa mashine usiku kucha la sivyo yanampalia. Alikuwa anaandika kwenye tableti halafu tableti inasoma kwa sauti ya mwanamme wa redio, hata hakufanana nayo. Siku moja akaniita niwe shahidi kwenye ile fomu. Maana tangu 2021 sheria inaruhusu hata sisi tunaolipwa kumhudumia mgonjwa kuwa mashahidi, na anatakiwa shahidi mmoja tu.

Shoga, nilishikwa na baridi. Nikamwambia nesi wa zamu dini yangu hainiruhusu, akasema hamna neno, akamwita mwenzangu Mfilipino, Mkatoliki wa kanisani kila Jumapili, na huyo akasaini. Nilipomuuliza baadae akanambia mimi nashuhudia kwamba kaandika kwa mkono wake, sishuhudii kwamba kafanya jema. Jibu hilo mpaka leo naligeuza geuza. Mzee mwenyewe hakukasirika. Aliandika, tableti ikasoma: unaogopa kwa ajili yangu au kwa ajili yako? Nikamwambia vyote. Akacheka, na kicheko chake ugonjwa ulishakigeuza kinatoka kama kilio, usipomzoea unakimbia kumwita nesi. Asubuhi ya siku yake alitaka nimnyoe ndevu, akanisimamia kwelikweli, ananyoosha kidole hapa bado, hapa bado. Nikamnyoa. Binti zake wakaja, nikafunga mlango nikaenda kubadilisha shuka za vyumba vingine.

Maumivu hakuwa nayo makubwa, tuseme ukweli. Na wengi wanaoomba sababu yao ya kwanza siyo maumivu, ni kwamba hawawezi tena kufanya yale yaliyowafanya wajione watu. Hapo ndo ninapogombana na nafsi yangu. Mie naamini mwili ni amana, Mola kasema msijiue, na sijabadilisha hilo kwa sababu nakaa huku. Lakini amana ni yangu na Mola wangu. Sioni polisi anaingiaje hapo, wala mbunge, wala mimi nesi msaidizi niliyetoka Tanga kumlazimisha mzee wa watu asiyeamini ninachoamini anyonywe mate miezi mingine sita ili roho yangu mie itulie. Kwa hiyo kumfunga mtu au daktari wake jela, hapana, sikubaliani nako. Kusaini nako, sikusaini. Ukiniambia hayo mawili hayakai pamoja ntakwambia yamekaa ndani yangu muda sasa na hayajapigana.

Kinachonitia hofu ni kingine. Mwaka 2021 waliongeza kundi la pili, watu ambao kifo chao hakiko karibu, wana ulemavu au maradhi ya kudumu, wanapimwa kwa siku zisizopungua 90. Si wengi, kwa 2023 walikuwa 622. Wa ugonjwa wa akili peke yake wameahirishwa mpaka Machi 2027. Sasa hawa ambao wangeweza kuishi miaka, ukiwasikiliza unakuta ndani ya maneno yao kuna kodi ya nyumba, kuna lifti mbovu ya jengo, kuna mtu wa kuwaogesha anayekuja mara mbili kwa wiki. Kuna dada mmoja Winnipeg, naye ALS, alifariki kwa njia hiyo 2022, na kabla ya kufa aliandika kwamba kilichommaliza si ugonjwa, ni kukosa msaada wa kutosha nyumbani. Alikuwa anaomba masaa zaidi ya kuhudumiwa! Na kuna mwanamke mwanajeshi mstaafu anayetumia kiti cha magurudumu, alikwenda bungeni kutoa ushahidi kwamba kaomba miaka kuwekewa kifaa cha kumpandisha ngazi, akaambiwa kuna na njia hii ya kufa kama anataka. We unaona? Uhuru wa kuchagua ni mzuri ukiwa na vitu viwili vya kuchagulia. Ukinipa njaa na mlango wa kutokea nikatoka, usiseme nilipenda kutoka.

Na hapa kazini naona kwa macho. Yuko bibi kila mtoto wake akija anamuuliza umelipa shilingi ngapi paking, mpaka yule binti akaanza kudanganya eti leo bure. Kujiona mzigo, hata ripoti za serikali zinakitaja mara kwa mara kwenye mateso ya wanaoomba. Na sisi wafanyakazi tuko wachache mno, usiku mmoja mtu mmoja na wagonjwa wengi, anabonyeza kengele anasubiri mpaka kajikojolea, sasa mtu huyo umpelekee fomu ya uhuru...

Kingine ni wale waliopoteza kumbukumbu. Quebec, jimbo moja la huku, tangu Oktoba 2024 unaweza kuandika mapema kwamba nikifika hali fulani ya usahaulifu nifanyieni. Naelewa kabisa anayeandika. Ila mie nakaa na walioshafika. Kuna mama alikuwa mwalimu wa hesabu, leo hajui jina lake, lakini ukimpa aiskrimu ya vanila anafunga macho na kuimba. Angeulizwa miaka kumi iliyopita angesema heri kufa kuliko kuwa hivi, nina uhakika. Sasa nani mwenye mwili, yule mwalimu au huyu anayeimba? Uholanzi, sheria yao ni ya 2002, ilitokea hiyo mwaka 2016, mama mwenye maradhi hayo alikuwa ameandika zamani, siku ikafika daktari akamtilia dawa ya usingizi kwenye kahawa bila kumwambia, akaamka katikati, familia ikamshika. Daktari akashtakiwa na mahakama ikamwachia huru 2019. Kisheria sawa, walifuata karatasi yake. Mimi ile kahawa sijaweza kuimeza mpaka leo.

Sasa turudi kwa Baba. Na hapa usininunie.

Umesema jamani hawa Wazungu wana uhuru wa kupitiliza. Sawa. Lakini shoga, Baba ana kansa na hajui ana kansa. Kaka zako wamekaa kikao wakaamua aambiwe ni vidonda vya tumbo, na kikao kingine wakaamua asirudishwe tena Ocean Road, hospitali ya kansa, kwa sababu nauli na hela ya kukaa Dar imeisha, na wote wakasema tumemwachia Mungu. Baba alikuwa wapi? Alikuwa chumba cha pili, anasikia sauti hasikii maneno. Kwa hiyo maamuzi ya kifo na sisi tunayafanya, tena bila fomu, bila shahidi, bila kumuuliza mwenyewe. Sisemi kaka zako wabaya, wanampenda, na hela kweli hakuna. Ila ile haki ya kwanza kabisa, ya mtu kujua anaumwa nini ili aage watu wake, agawe vitu vyake, amlipe anayemdai, aombe radhi kwa aliyemkosea, hiyo tunamnyang'anya halafu tunaita kumlinda. Na hata dini inamtaka mtu aandike wasia, sasa atauandikaje mwenye vidonda vya tumbo?

Kukataa matibabu yasiyosaidia siyo kujiua, masheikh wengi wanalikubali hilo, na daktari akizima mashine isiyo na faida hajaua. Kwa hiyo kama mwenyewe Baba akisema basi, nataka kukaa kwangu barazani, hiyo ni haki yake na hamkosi kitu mkimsikiliza. Tofauti ni aseme yeye.

Na hayo makelele ya usiku uliyoniambia, kwamba analia mpaka majirani wanaamka, hayo hayana haja ya kuwepo. Mtu analia hivyo usiku kucha akisema nataka kufa, huyo haombi kufa, anaomba usingizi. Mofini ya maji ni dawa rahisi, ni unga unachanganywa na maji, mgonjwa anakunywa nyumbani. Waganda walianza nayo kwa nguvu 1993 pale Kampala, Dokta Anne Merriman na hospisi yake, yaani huduma ya wagonjwa wasiopona, na tangu 2004 wakaruhusu hata manesi waliofunzwa kuiandika, ndo maana inafika vijijini. Na kwetu ipo, wengi hawaiulizi tu, au wanaiogopa eti ni dawa ya kulevya, au eti akipewa hiyo ndo mwisho. Siyo. Watu wanaishi nayo miezi wakila na kuongea na wajukuu.

Kwa hiyo ukimpeleka kliniki usikubali kurudi na Panadol. Sema wazi maumivu yanamkosesha usingizi, omba uonane na watu wa tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu ya wasiopona, ndo jina wanalolitumia, uliza mofini ya maji, na uliza anywe kila baada ya masaa mangapi, maana wengi wanakosea wanangoja mpaka aumwe ndo wampe. Inatakiwa kwa saa zake zilizopangwa, hata kama haumwi. Omba na dawa ya kulainisha choo hapohapo, mofini inafunga choo vibaya na hawakwambii mpaka mgonjwa ashapata shida nyingine. Siku za mwanzo atasinzia sana, msishtuke, mwambie na Mama asishtuke.

Kuhusu kumwambia, nenda we mwenyewe, kaka zako wakiwa msikitini. Usianze na jina la ugonjwa. Muulize, Baba, unataka nikueleze madaktari walisema nini, au hutaki? Akisema sitaki, basi nyamaza, na hiyo pia ni ruhusa yake. Akisema nieleze, mueleze.

Hela ya dawa nimekutumia jana kwenye simu ya Mama, angalia kama imeingia, na usimwambie kaka mkubwa.

Mama Rahma